Ruguru Ajipeleka Kliniki

Saa mbili asubuhi, kwenye lango la zahanati moja karibu na Manyatta, Embu, Virginia Njuki amesimama barakoa kidevuni, macho barabarani. Anamsubiri Ann, na ameapa hatoki hapo mpaka amwone.

“Akikosa leo, mimi sijui,” anasema mhudumu huyu wa afya wa kujitolea.

Ann ana mimba ya miezi minane. Miguu imevimba hadi viatu havimwingii, na kichwa kinamgonga tangu Jumapili. Lakini tangu corona iingie, hajakanyaga kliniki.

Si yeye peke yake. Kati ya wajawazito kumi wa kilima anachohudumia Virginia, saba wameacha kwenda. Kisa ni kipimajoto cha langoni, kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso, ambacho wenyeji wamekibatiza bunduki. Uvumi umeenea kwamba kikilia tu, mama anabebwa mzobemzobe hadi karantini.

“Nimewaeleza mpaka sauti ikaisha,” anasema Virginia, ambaye huchuma majani chai yake alfajiri ndipo aanze kuzunguka. “Hii kazi hainilipi, lakini siwezi lala nikijua mtu ako na shida.”

Aliyekataa katakata ni Ruguru, mama mkwe wa Ann. Jana Virginia alimkuta mlangoni akichambua maharagwe.

“Ann haendi mahali. Ndio wamfungie huko?”

Hapo Virginia akakumbuka jambo. Kwao, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na huhesabiwa kuwa ndiye bibi huyo amezaliwa tena. Ann ana mvulana tu, Nyamu, aliyepewa jina la baba yake baba; mvulana wa pili angekuwa wa baba yake Ann. Zamu ya Ruguru ilikuwa bado.

“Cucu,” akamwita, kama bibi anavyoitwa kwao, “kwani ni nani ako kwa hiyo tumbo?”

Ruguru akaendelea kuchambua maharagwe.

“Si ni wewe? Sasa unajikataza kliniki?”

“Na kama ni kijana?”

“Basi utakuwa umesindikiza babake Ann. Lakini utakaa hapa ukibahatisha na maisha yako?”

Bibi akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Hata hivyo, hakuahidi kitu.

Leo langoni, ghafla Virginia anaruka. “Hao!”

Ann anapanda mlima polepole. Ruguru ametangulia, leso ameifunga mdomoni. Mlinzi anapoinua kipimajoto, bibi anamsogezea paji la uso.

“Anza na mimi. Nimejileta.”

Hakilii. Kwa Ann pia hakilii.

Ndani, muuguzi anapima presha ya Ann, anarudia. Iko juu mno. Kabla ya adhuhuri ambulensi imemfikisha hospitali mjini.

“Angebaki nyumbani tungempoteza, pengine na mtoto,” anasema muuguzi.

Kesho yake simu ya Virginia inaita. Ni msichana! Na mama yake ni mzima! Virginia anapiga vigelegele hadi kuku wanatawanyika uani.

Sasa anatafuta mashine ya presha aiweke kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakulima wanakopimiwa mavuno yao, kwa kuwa huko akina mama hawakosi, corona au hakuna corona. Wiki moja baadaye anaueleza mpango huo kituoni, lakini Ruguru hana subira. Amemwona jirani yake Kananu, ambaye mkaza mwanawe ana mimba ya kwanza.

“Kananu!” anaita kutoka upande wa pili wa foleni. “Wewe umeshajipeleka kliniki?”