Nuba ya Alfajiri Kwenye Tanuri la Ghouti

Mwanangu Ghouti ni mwoka mikate hapa Tlemcen, na sikio la muziki hana. Nimemzaa mimi, najua. Akiimba, paka wanahama. Lakini binti yake Wassila alipenda kupiga udi tangu mdogo, na Sheikh Benaouda, mwalimu wake, akampa nuba moja, msururu mrefu wa nyimbo za kale, aishike kwa kichwa. Asipoiweza, nafasi yake kwenye kundi la wapigaji la Sheikh apewe mwingine.

Nuba hiyo ilikuwa ya alfajiri. Kwetu kila nuba ina saa yake, na ya alfajiri haipigwi jioni nyumbani kwangu. Mtoto anarudi kutoka shule jua linazama. Akigusa nyuzi tu, namwambia, "Weka chini. Jua linakwenda kulala, unaliamsha ya nini?"

"Sasa nijifunze saa ngapi, Bibi?"

"Saa yake."

"Saa yake majirani wamelala. Watatugongea ukuta."

"Wagonge."

Hakuthubutu. Udi ukakaa ukutani, vidole vikasahau. Sheikh akamwita Ghouti, akamwambia, "Ijumaa asubuhi namsikiliza mara ya mwisho."

Ghouti hakubishana nami, anajua hashindi. Kesho yake alipokwenda kazini kabla ya adhana, alimchukua mtoto na udi wake. Akamketisha karibu na mlango, mbali na tanuri, kwa sababu joto linaachanisha gundi ya udi. Mimi nikawafuata siku moja, kuangalia tu kama mtoto amevaa soksi.

Wassila akakosea, akamtazama baba yake. "Nimeharibu, Baba?"

"Unaniuliza mimi? Mimi najua unga. Rudia, mkate haujaiva."

"Jana pia ulisema haujaiva."

"Na jana haukuiva."

Mteja mmoja, mzee Kada, akachungulia. "Ghouti, siku hizi mkate unakuja na harusi yake?"

"Chukua wako uende, mzee. Mtoto anafanya kazi."

Ikawa hivyo kila alfajiri. Yeye anakanda, binti anapiga.

Ijumaa Ghouti alitoka tanurini moja kwa moja, unga kwenye nyusi, akaja kwa Sheikh akakaa kando yangu. Wassila alijikwaa katikati, hakumtazama mtu, akarudi nyuma kidogo akaendelea mpaka mwisho. Sheikh akasema, "Kaa safu ya nyuma. Jumamosi usichelewe."

Nikageuka kumwambia Ghouti. Amelala, kinywa wazi. Nikamtia kiwiko.

"Amepiga vizuri, Mama?"

"Amepata nafasi. Funga mdomo, watu wanakuona."