Orodha Niliyoibandika Mlangoni

Kanisa letu la Mbumbuni hubandika mlangoni orodha ya washirika na namba zao za simu, ili kila mtu asahihishe yake mapema. Msiba ukitokea, hakuna wa kusema hakuambiwa. Ilikuwa ikiandikwa kwa mkono mpaka mimi, fundi wa kompyuta, nikajitia ujuaji.

Viongozi wetu wana barua pepe za kanisa, na namba walizohifadhi kwenye simu zinaingia humo. Nikaandika programu ya kuzikusanya. Niliipa akaunti ya huduma, akaunti isiyo ya mtu, inayojitambulisha kwa faili la ufunguo. Kwa kuwa nilikuwa msimamizi wa mfumo, niliiruhusu iingie kwa jina la kiongozi yeyote bila nenosiri na bila kumuuliza mwenyewe. Majina yakamiminika. Nikajipiga kifua, mjinga mimi! Nikachapisha, nikabandika, sikusoma hata mstari mmoja.

Kumbe mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyekuwa amemficha dada yangu, baada ya mumewe kumvunja mbavu. Mimi sikuambiwa yuko wapi, maana hasira zangu zinajulikana. Kwenye simu yake mwenyekiti alikuwa ameandika jina la dada, namba mpya, na mahali: soko la Salama, nyuma ya posho mill, kile kinu cha kusaga unga. Programu ilibeba yote.

Shemeji aliisoma orodha Jumapili. Jumatatu alimfikia dada, panga mkononi. Dada alikinga uso kwa mkono wa kulia, na vidole vitatu vikaanguka mchangani.

Nilipofika Salama, dada alikuwa amekimbizwa hospitali na wenye maduka walikuwa wamemfunga shemeji kamba. Niliokota mpini wa jembe nikampiga, nikampiga tena, mpaka meno yakamtoka. Nilitaka afe, sifichi. Watu wakanishika mikono. Akatema damu, akanitazama.

"Asante kwa ile orodha," akasema.

Mpini ulinitoka mkononi.

Hospitalini nilimweleza dada kila kitu: ufunguo, programu, karatasi ya mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanizaba kofi kwa mkono wa kushoto, na akalia kwa sababu halikuniuma.