Faili ya Kredi Niliyoiacha Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata noti moja. Gérant wetu, yaani meneja, muzee mfupi aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka, alinipa kiti nyuma ya caissière, yule anayepokea na kulipa pesa, akaniambia: "Wiki hii utaangalia watu tu. Noti utazijua haraka. Watu njo iko kazi."

Ilikuwa koperative ya akiba na mikopo, chumba kimoja chenye guichet mbili, madirisha ya kuhudumia watu, karibu na soko la Nyawera mjini Bukavu. Wanachama walikuwa wauza samaki, walimu, wabeba mizigo na wajane. Kila mmoja alikuwa na carnet, kitabu kidogo ambamo tuliandika alichoweka na alichotosha, yaani alichotoa. Ijumaa gérant aliniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba watu wanaweka polepole na kutosha kwa haraka.

"Basi," akasema, "mutu akikuja na haraka, wewe usikuwe nayo."

Yeye ndiye aliyenifundisha tofauti ya akiba zetu. Épargne à vue ni pesa unayoweza kutosha siku yoyote. DAT, dépôt à terme, ni pesa unayoifunga miezi sita au mwaka, na inazaa kidogo kwa sababu umekubali kutoigusa. Kila mwanachama aliulizwa pesa yake ina kazi gani na ataihitaji lini. Pesa ya masomo ya muhula uliokaribia haikufungwa, na pesa ya ugonjwa ilikaa karibu na mkono. Jambo lililonitia haya ni kwamba aliwakataza kutuletea yote. "Hata sisi tunaweza kuanguka," aliwaambia mbele yetu sisi wafanyakazi. "Ingine munuliye mbuzi, ingine mutengenezeye nyumba."

Mimi mwenyewe sikumsikia. Mwaka wangu wa tatu alitokea mtu mjini aliyeahidi kurudisha pesa maradufu baada ya mwezi mmoja. Nilimpelekea zamu yangu ya likelemba, ule mchango ambao wafanyakazi wenzangu na mimi tulipokea kwa kupokezana. Mwezi wa kwanza alinilipa kweli. Nilifurahi, nikamrudishia yote, na mshahara juu yake. Mwezi wa pili ofisi yake ilikuwa na kufuli mlangoni. Sikumwambia mtu, lakini gérant aliona kwamba sinunui tena chakula saa sita. Aliniita, nikamweleza huku nikilia. Hakunikaripia.

"Sasa unaweza kufanya kredi," alisema. Wiki iliyofuata alinitoa guichet, nikawa agent de crédit, mtu wa kutembelea biashara ya mwombaji na kupima kama inaweza kulipa mkopo.

Kazi hiyo ilinipeleka Uvira miaka minne, ikanirudisha Bukavu, na mwishowe nikawa chef wa kredi, mkuu wa kitengo cha mikopo. Gérant wangu alikuwa ameshafariki. Tulikuwa sasa na Directeur, yaani mkurugenzi, kijana msomi, mpole kwa maneno, aliyependa sana objectif, yaani idadi ya mikopo tunayopaswa kutoa kila miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu.

Ndipo alipokuja Papa Bahati, mwalimu wa hesabu kwenye shule ya sekondari. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mwanachama wetu, na hakuwahi kutusumbua.

"Maman, nataka kuvunja DAT yangu," alisema kabla hajakaa. "Na tena nataka kredi ya dola elfu tano. Parcelle yangu ya Cimpunda njo itakuwa garantie." Parcelle ni kiwanja chenye nyumba yao, na garantie ni dhamana ya mkopo.

"Kredi ya kufanya nini, professeur?"

Alitazama nyuma, kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa anafanya trading, kununua na kuuza sarafu za kigeni kwa kubahatisha bei itakwenda wapi.

"Niliweka makumi tano. Wiki mbili tu, iko mia moja na kumi. Mimi niko mutu ya hesabu, Maman. Hii kitu naielewa."

"Maman Bahati anajua?" niliuliza, nikimaanisha mke wake.

"Bibi yangu atajua siku nitamuletea habari muzuri."

Sitaki msomaji afikiri kwamba kulikuwa na mwizi. Bei zile zilikuwa za kweli. Hatari ilikuwa kwenye kitu wanachoita levier. Unaweka dola kumi, wanakuruhusu kucheza kama una elfu moja. Bei ikipanda kwa sehemu moja tu ya mia, kumi zako zimekuwa ishirini. Ikishuka kwa sehemu hiyohiyo, kumi zako zimekwisha. Papa Bahati aliijua hesabu hiyo kuliko mimi. Lakini kwa wiki mbili alikuwa ameuona upande mmoja tu.

Sikumkatalia. Nilimwambia DAT ibaki, faili ya kredi ikae kwangu, na yeye aendelee na zile zake ndogo kwa mwezi mmoja. Aandike kwenye daftari kila alichonunua, kila alichouza, alichopata na alichopoteza.

"Unanipatia devoir kama mwanafunzi?"

"Ndiyo, professeur."

Alitoka amekasirika, akaenda moja kwa moja kwa Directeur. Nami nikaitwa.

"Maman, garantie iko, mushahara iko. Unangoya nini?"

"Monsieur le Directeur, mushahara wake hautoshi kulipa elfu tano. Akishindwa tutauza nyumba ya watu sita."

"Sisi hatuko wazazi wao."

Kesho yake nilipokea demande d'explication, barua ambayo mfanyakazi anapaswa kuijibu kwa maandishi, na nakala inabaki kwenye dosie yake. Kwa mtu anayekaribia kustaafu, barua ya namna hiyo ni jambo la kutisha, kwa sababu zikifuatana unaweza kuondoka bila décompte final, malipo ya mwisho ya kazi yote. Nilijibu kwa ukurasa mmoja: kanuni zetu zinataka mkopo ulipwe na kipato, na hapa sioni kipato, naona bahati. Niliacha faili mezani bila saini.

Wiki ya tatu Papa Bahati alirudi. Alikaa kwenye benchi, akawaacha watu wote wapite mbele yake. Zamu yake ilipofika, alinipa daftari.

"Soma paje ya mwisho, Maman."

Asubuhi hiyo alikuwa na dola mia moja na arobaini. Wanafunzi walipotoka kucheza wakati wa récréation, alifungua simu, akaona bei inakwenda kinyume chake. Badala ya kufunga, aliongeza. Ikazidi kushuka, akaongeza tena. Chini aliandika sifuri, akaizungushia duara kama wanavyofanya walimu.

"Ilichukua muda gani?" niliuliza.

"Récréation haikuisha."

Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Kama ingekuwa ile elfu tano, ningeongeza vilevile. Sasa najijua. Ningeongeza mpaka nyumba iende." Akainua kichwa kwa ghafla. "Faili iko wapi? Mulisaini?"

"Iko hapa. Saini haiko."

Alifunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi.

Daftari nililipeleka kwa Directeur. Alilisoma lote, amesimama. "Acha tufunge hii faili," alisema, kisha akaitoa demande d'explication kwenye dosie yangu na kunirudishia mkononi. Nilimheshimu kwa hilo.

Nilistaafu salama. Décompte final yangu niliigawanya siku ileile: sehemu ya kunilisha miezi sita ikabaki à vue, sehemu nikaifunga DAT, na iliyobaki nikajenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu Nyalukemba, baada ya kuhakikisha karatasi za kiwanja ziko sawa. Vijana wa familia wakinionyesha grafu kwenye simu zao, siwatukani. Nawauliza tu ni pesa ya nani, na ikipotea yote kesho, nani atakosa kula. Wakisema ni ya kukopa, hapo napandisha sauti.

Mwezi uliopita binti mkubwa wa Papa Bahati alimaliza masomo ya uuguzi, yaliyolipwa na DAT ile iliyopona. Sherehe ilikuwa nyumbani kwao Cimpunda. Watu walijaa hadi kwenye ua wa jirani. Maman Bahati, ambaye mumewe alishamweleza yote, alinishika mkono, akanipitisha katikati ya wageni, akanikalisha kwenye kiti cha sebuleni.

"Kula, Maman," alisema. "Hapa bado ni kwetu."

Nilikula fufu na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, sahani mbili, jambo ambalo daktari amenikataza, na nikaomba ya tatu.