Diapazoni Yenye Sauti Safi

Shule nilisoma miaka mitatu tu, na mwaka wa tatu nilikuwa ninauza mikate zaidi ya kukaa darasani. Lakini leo nina nyumba ya vyumba saba hapa Kikula, matofali ya kuchoma, milango ya chuma, na duka la vifaa vya ujenzi ambamo watu wenye diploma wanakuja kuniomba kazi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kama ningekuwa ninajisifu, ningetaja na gari.

Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye mifuko ya simenti na makopo ya rangi. Neno "fragile", kwa mfano, lilikuwa limeandikwa kwenye kila katoni ya vigae. Sikulijua. Katoni ya kwanza niliishusha jinsi tunavyoshusha simenti, ikalia kraa! Kufikia katoni ya pili nilikuwa nimeelewa neno. Mwalimu gani anafundisha haraka hivyo?

Zaidi ya hapo nina njia yangu, niliyotoka nayo Kambove nilipokuwa mchimbaji. Kule shimoni, jiwe usilolijua hulitupi, wala huendi kuuliza, maana ukiuliza mwenzako atakuambia halina kitu, kisha atalibeba yeye. Unaangalia majirani zake: limelala na nani kushoto, limelala na nani kulia. Jiwe haliishi na wageni. Na neno ni vilevile. Miaka ishirini nimesoma hivyo barua, matangazo ya kanisa, karatasi za mashine, na sijawahi kupotea. Mke wangu ana maoni mengine, lakini si yeye anayeandika hapa.

Sasa, mwaka jana mwanangu mkubwa alipata msichana, binti wa mwalimu wa kwaya mstaafu wa kule Mulungwishi. Wakatutumia liste, yaani orodha ya mahari. Kila mtu huku anajua sheria yake: siku ya kupeleka, vitu vinasomwa kimoja kimoja mbele ya watu. Kikikosekana kimoja, mnapakia vyote na kurudi navyo, mbuzi juu ya gari, mtaa mzima ukiwatazama. Kijana wa jirani yangu alirudishwa kwa sababu ya blanketi moja. Msichana wake ameolewa na mwingine, tena mfupi.

Niliifungua liste mezani, nikaisoma kwa sauti. Koti na suruali ya baba: sawa. Vitenge vya mama: sawa. Viatu vya baba, peya moja: sawa. Halafu: "Diapazoni moja, yenye sauti safi." Halafu mbuzi wawili, chumvi, jembe.

Nikarudi nyuma. Diapazoni.

"Ni kitu gani ile?" mke wangu akauliza.

"Ngoja kwanza."

"Haujue."

"Minajua. Minaangalia tu majirani."

Mwanangu, maskini, alikuwa ameanza kutoka jasho. "Baba, tuangalie katika telefone. Ao tubaulize."

"Tubaulize, halafu baseme baba yako hajue kusoma? Na telefone yako ilizaliwa mwaka gani? Minye nilianza kusoma mbele yake."

Nikafanya kazi. Kushoto viatu, kulia mbuzi. Viatu vinatoka kwenye ngozi, na ngozi inatoka kwa mnyama. Mbuzi ni mnyama. Kwa hiyo ni mnyama mwenye ngozi nzuri. Tena ana sauti. Umewahi kusikia kiatu chenye sauti safi? Mbuzi wameombwa wawili, huyu mmoja tu, kwa hiyo anawapita kwa heshima. Jina lake ni refu, na kitu chenye jina refu siku zote ni ghali. Na anayeomba ni mtu wa kanisa. Mnyama wa watu wa kanisa ni nani?

"Kondoo!" nikapiga meza. "Kondoo dume, moja kwa moja."

Mke wangu akatikisa kichwa. "Baba ya batoto, kondoo kwa Kifaransa ni mouton. Hata minye najua."

"Ile ni Kifaransa ya soko. Hii ni ya kanisa."

Akaenda zake jikoni. Ningekuwa yeye nami ningeenda.

Sokoni nilimaliza asubuhi nzima. Muuzaji alitaka kunionyesha mafuta ya mgongoni. Mimi nilitaka sauti. Nikawa ninawavuta kondoo masikio, mmoja baada ya mwingine.

"Papa, unatafuta nyama ao unatafuta muimbaji?"

"Weye shika kamba tu."

Wa kwanza alikohoa. Wa pili alikuwa na sauti ya mlango wa nyuma wa duka langu. Wa tano, mweupe mwenye uso mweusi, alitoa meee moja ndefu, imenyooka kama bomba la maji, hata wanawake wanaouza nyanya wakageuka. Nikasema: huyu. Nikamfunga utepe mwekundu shingoni.

Siku ya siku, Mulungwishi, tulikaa uani kwao chini ya turubai. Aliyesoma ni shangazi wa binti, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye miwani kwenye ncha ya pua.

"Viatu?"

"Viko."

"Diapazoni?"

"Iko!" nikajibu mimi mwenyewe, nikaenda kumleta.

Shangazi alimtazama mnyama, akanitazama mimi. "Hii ni nini?"

"Diapazoni."

"Hii ni kondoo."

"Njo ile."

Akavua miwani, akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Diapazoni ni kichuma kidogo chenye meno mawili kama uma. Unakipiga kwenye goti, kinatoa sauti moja, noti inayoitwa la, na kwaya nzima inaanzia hapo. Ya kaka yake ilipotea, na tangu siku ile kila muimbaji anaanza na sauti aliyotoka nayo nyumbani.

Nyuma yangu mke wangu alikuwa ameanza kukunja vitenge, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa hadi kwenye magoti. Binti alisimama mlangoni, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka. Kama analia, kama anacheka, hata majirani wa uso ule hawakunisaidia kusoma.

Shangazi akakunja liste. "Liste ni liste. Mupakie."

Shemeji yangu akainua mfuko wa chumvi. Kondoo, akiona chumvi inaondoka, akalia. Meee.

Mzee, baba wa binti, akainua kidole. "Munyamaze." Akasogea, akainamisha sikio. "Arudilie."

Nikavuta sikio, la kondoo. Meee.

Mzee akafumba macho, akaishika ile sauti ndani ya pua, mmm, kisha akaanzisha wimbo. Binti zake wakaingia, majirani wakaingia, wazee wa kwaya wakaingia chini kwa besi. Mimi sijui muziki, lakini nilisikia kwamba hakuna aliyekuwa peke yake.

"Iko chini kidogo ya la," mzee akasema walipomaliza, akifuta macho, "lakini iko safi."

"Kaka, ni kondoo!"

"Dada, soma liste. Tuliomba sauti ya namna gani?"

Shangazi akaikunjua, akasoma, akamtazama kondoo kwa chuki. "Ile ya chuma ikuye mbele ya arusi," akasema. "Bila vile, bibi-arusi hatatoka mu nyumba."

Ilikuja. Mwanangu aliifuata mwenyewe Lubumbashi, na picha yake katika telefone, nami sikumzuia. Arusi ilifanyika, na kwaya iliimba vizuri. Kondoo, mzee alikataa achinjwe; yuko Mulungwishi mpaka leo, amenenepa, bado ana utepe.

Watu wanasema nilikosea. Mimi ile ya chuma nimeishika mkononi, nimeijaribu. Ni ndogo, na lazima uipige kwenye goti ndipo iseme. Yangu inaanza yenyewe.