Nafasi ya Nne

Sijamsamehe mkurugenzi wetu wa masomo, na siandiki haya ili nimsamehe. Naandika ili nifurahi tena.

Miaka ile ya vita, Bukavu ikiwa mikononi mwa wenye bunduki, nilifundisha shule ya uuguzi. Wanafunzi wetu walifanya mazoezi kwenye vituo vya afya mjini na vijijini, na kila kituo kiliandika kivyake. Huku waliandika "anajitahidi", kule walitoa alama juu ya ishirini, kwingine mwuguzi aligonga muhuri tu akaenda kula. Barabara zilipofungwa na wanafunzi wakatawanyika, hatukujua tena nani anaweza kuzalisha na nani anaweza kusema tu kwamba anaweza.

Baba yangu alikuwa mfyatua matofali: kalibu moja, udongo wowote. Nikakaa jikoni nikatengeneza kalibu yangu, ukurasa mmoja wenye nafasi nne, uleule kwa sindano, kidonda au uzazi. Ya kwanza, kazi iliyofanywa. Ya pili, mgonjwa na umri wake. Ya tatu, mwuguzi aliyeshuhudia na kituo chake. Ya nne ndiyo niliyoipenda: kosa la mwanafunzi, kwa mwandiko wa mwuguzi huyo. Muhuri huibwa na alama huombwa, lakini kosa la mtu ni lake, na aliyelitenda halisahau. Mwanzoni mwa daftari la kila mwanafunzi nikaweka ukurasa wa mfano. Nafasi ya tatu nikaandika kituo cha Kasha. Ya nne nikabuni: "Alitaka kufunga kitovu bila kunawa; nikamrudisha kwenye beseni la kijani." Beseni lenyewe lilikuwa mbele yangu mezani, nimeloweka maharagwe.

Mkurugenzi aliisifu kazi. Mwezi uliofuata akaipeleka kwa wafadhili, jina lake chini. Nilipomfuata ofisini hakuona hata haya.

"Maman, hii kazi iko ya masomo, ya shule yote, haiko ya mutu moja," alisema, kisha akanihamishia stoo ya madaftari. "Kule utapumuzika."

Nilipumzika kama jipu linavyopumzika.

Akaweka na sheria: daftari lisilo na muhuri wa kituo halipokelewi kwenye mtihani wa mwisho. Ndipo alipofika mwanafunzi wetu mmoja kutoka Bunyakiri, ametembea siku nyingi, daftari amelifunga tumboni kwa kitenge.

"Papa, kashe balibeba, na dawa yote," alimwambia mkurugenzi: wenye bunduki walikuwa wamepora hata muhuri wa kituo.

"Bila kashe, urudilie mwaka."

Binti hakuwa na mwaka wa kurudia. Kijijini kwao mwuguzi alikuwa amekimbia, na wanawake wenye mimba walikuwa wanamngoja yeye. Nikamchukua kwangu Muhumba, na alipolala nikasoma daftari lake. "Aliogopa damu, akaachia mkasi." "Alimwita mgonjwa kwa jina la mwingine." Kila ukurasa kosa jipya, na kuelekea mwisho makosa yalikuwa madogo madogo. Nilimwonea fahari kana kwamba nimemzaa.

Wiki hiyohiyo yaliletwa stoo madaftari kumi na moja, safi, yenye mihuri. Yalikuwa ya jamaa za mkurugenzi na za wakubwa wake wapya wenye bunduki, watu ambao hatukuwahi kuwaona darasani. Mwandiko ulikuwa wa mkurugenzi mwenyewe. Nikafungua la kwanza: kituo cha Kasha, beseni la kijani. La pili, beseni la kijani. Mmoja alikuwa amemchoma sindano mzee wa miaka sabini, na bado alitaka kufunga kitovu bila kunawa! Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Yule bwana alikuwa amenakili mfano wangu akidhani ndiyo sheria.

Ningeweza kumnong'oneza inspekta wa mitihani siku ileile. Sikutaka mnong'ono. Nilitaka aumbuke mchana, mbele za watu, kama alivyoninyang'anya mchana.

Siku ya mtihani kazi yangu ilikuwa kupanga madaftari mezani. Niliyapanga. Yale kumi na moja juu, la binti chini yake. Inspekta akasoma la kwanza kwa sauti, la pili, la tatu, kisha akamgeukia mwuguzi mkuu wa Kasha, aliyeitwa kusimamia mtihani pamoja naye.

"Maman, kule kwenu muko na beseni ya kijani?"

"Hapana, papa. Tuko na ndoo moja tu, nyeupe. Na siye hatuzalishake, wamama tunabatuma Bagira."

Kufikia la sita ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Mkurugenzi alijifuta jasho, nami nikamtazama kila tone. Kisha inspekta akalifikia daftari lisilo na muhuri.

"Uzazi ya kwanza, ulikosea nini?"

"Niliachia makasi, papa. Niliogopa damu," binti akajibu palepale.

Inspekta akalitazama daftari, akamtazama yeye, akampokea kwenye mtihani. Alifaulu, akarudi kwao. Mkurugenzi alifukuzwa kabla ya mvua kuanza.

Baadaye alikuja kwangu, kofia mkononi.

"Maman, unisamehe."

Nikampa ukurasa mtupu na kalamu. "Ujaze, papa."

Akajaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mwandiko wake ule mzuri. Kwenye ya nne kalamu ikasimama. Akainua macho.

"Hapa niandike nini, maman? Unipe mufano."

Nikachukua beseni langu la kijani, nikatoka uani kuosha maharagwe.