Dawa Walizosema Nimeziacha

Mama mmoja alikuja kwetu Ndosho asubuhi, akabisha kwenye mlango wa mbao na kutaja jina langu lote. Nilikuwa ninaosha sahani. Alivaa kitenge kizuri na alishika mfuko wa plastiki, nikafikiri anauza sabuni.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

Aliangalia kama kuna mutu nyuma yangu, kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Dada, usiogope. Mimi ni mama relais, mjumbe wa kituo cha afya. Nimetumwa kukutafuta. Umeacha dawa tangu wakati wa vita. Sisi hatugombezi mutu. Urudi tu."

Sikujua ni dawa gani. Mutu mwingine angeuliza. Mimi, mutu mkubwa akiniambia jambo, maneno yangu hubaki tumboni. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Wewe ni mutoto muzuri," akasema. "Jana mwingine alinimwagia maji ya sahani. Vaa, twende."

Tulipokuwa njiani ndipo alipotamka VIH, virusi vya ukimwi. Alilisema neno hilo haraka wakati moto, pikipiki ya abiria, inapita, watu wasisikie. Niliendelea kutembea, kwa sababu nikisimama ningelazimika kusema kitu.

Nilianza kutafuta kichwani. Nilipokuwa mudogo mama alinipa vidonge, akisema ni vya minyoo. Baba alikufa nikiwa bado kwenye shule ya msingi, na hakuna aliyeniambia alikufa na nini. Kila kitu nilichokumbuka kilianza kugeuka. Mama anajua, nikawaza. Anajua nina ugonjwa na amenificha. Halafu nikawaza: lakini mimi siumwi. Halafu nikakumbuka kwamba juzi nilikohoa.

Kwenye kituo tuliwakuta watu wawili katika chumba kidogo: muganga mwanamke mwenye miwani, na kijana mmoja mbele ya kompyuta. Kijana alikuwa na kazi ya kuhamisha wagonjwa wote kutoka kwenye vitabu na kuwaingiza kwenye mashine, ili wakubwa wa afya, hapa na Kinshasa, wajue nani anakunywa dawa na nani ameacha. Mwezi ulikuwa unaisha, raporti ilikuwa inangojewa, na kwenye mashine yake watu wengi walikuwa wamepotea.

"Huyu hapa," akasema. "Amepotea."

"Amepotea wapi, na mimi nimemuleta?" mama relais akajibu.

"Kwenye mashine amepotea, mama. Hapa kwenye kiti ni mambo mengine."

Muganga aliniuliza nimeanza dawa lini. Kijana akajibu kwa niaba yangu: "Zamani. Huyu alikuwa mutoto kabisa."

"Basi ulizaliwa nayo," muganga akaniambia, kwa sauti ya upole, kama mutu anayeniambia nimefanana na shangazi yangu.

Nilitikisa kichwa kukubali. Hata leo sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshaanza kuwa yule mugonjwa wao.

"Dawa yako ya mwisho ilikuwa ya namna gani?"

"Nyeupe," nikasema. "Ya minyoo. Walitupatia ku shule."

Kijana akacheka. Muganga akamwangalia, akaacha. Kisha muganga akavua miwani yake. "Mashine inasema moja, mutoto anasema ingine. Namba ya simu iko?"

Ilikuwemo. Muganga akapiga, na katika kile chumba kidogo nikasikia sauti ya mama yangu ikisema "Allô". Hapo nilikuwa na hakika. Namba ya mama ilifanya nini kwenye mashine yao kama hakujua?

Mama alifika na moto, mikono bado inanuka samaki wa chumvi anaouza, wale wanaotoka Vitshumbi. Hakusalimia mutu.

"Unafanya nini hapa?"

"Wamesema nina VIH."

Alishika mlango. Nilifikiri atanikemea kwa kusema neno hilo mbele ya watu. Akamgeukia muganga.

"Si yeye," akasema. "Hiyo jina ni yangu."

Kwetu mwanamke akishazaa, hakuna anayemwita tena jina lake. Anaitwa mama wa mutoto wake wa kwanza, sokoni, kanisani, hata kwa kaka zake. Mama alipoanza dawa hapo, walimuuliza anaitwa nani, akasema wanavyomwita: Mama, halafu jina langu. Ukoo aliotoa ulikuwa ule ninaotumia mimi, wa baba. Kwenye kitabu ilikaa sawa. Lakini mashine ilikuwa na nafasi ya jina na nafasi ya ukoo, haikuwa na nafasi ya Mama, na kijana akaliacha. Vita vilipofunga kituo, mama alikwenda kuchukua dawa kwenye kituo cha Katoyi, na huko walimdai kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, wakaandika jina lake mwenyewe. Hakuacha dawa hata kidogo. Kwenye mashine, mimi ndiye niliyeziacha.

"Na huyu alishapimwa?" muganga akauliza.

"Nilimpimisha akiwa mudogo, baba yake alipokufa. Hakukuwa kitu. Karatasi ilibaki Rutshuru tulipokimbia."

"Basi tupime tena."

Alinichoma kidole. Tulingoja, mimi na mama kwenye benchi moja, kila mutu akiangalia upande wake. Nilitaka kumuuliza kama anaumwa sana. Nilitaka pia kumkasirikia. Sikuweza kuchagua.

"Hauna kitu," muganga akasema.

Nilidhani jambo limeisha, lakini kijana alibaki akikuna kichwa. Mashine haikumruhusu kumfuta mutu. Mutu aliyepotea angeweza tu kuandikwa amerudi, amehamia au amekufa.

"Amerudi haiwezekani," akasema. "Nikiandika amerudi, nitadaiwa nimempatia dawa gani. Amekufa ndiyo rahisi."

"Usimuandike mutoto wangu amekufa," mama akasema. Hakupandisha sauti, lakini kijana alitoa mikono kwenye mashine.

"Andika amehamia Katoyi," muganga akasema. "Si ndipo dawa ziko?"

"Lakini wa Katoyi ni mama yake."

"Andika. Halafu kesho uende Katoyi muonyeshane majina, muwafanye mutu mmoja."

Kwa hiyo huenda mpaka leo, mahali fulani ndani ya ile mashine, mimi na mama ni mutu mmoja, na huyo mutu anakunywa dawa vizuri.

Mama alisimamisha motari, dereva wa moto, tukapanda sote wawili, mimi nyuma yake.

"Ulifikiri nimekuficha ugonjwa wako," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Nilikuficha. Lakini wangu."

Nilimshika kiunoni. Furaha ilikuwa imenijaa na nilikuwa ninaionea haya, kwa sababu yule niliyemshika ndiye aliyekuwa mugonjwa. Nilitaka kumshukuru Mungu, sikujua kama inafaa mbele yake. Tulipofika kwenye mawe mabaya karibu na kwetu, nilimsikia yeye akianza.

"Mungu, asante," alisema kwa sauti ndogo. "Asante kwa huyu."

Motari alifikiri anasifiwa yeye. "Barabara naijua, mama," akasema.