Mahali Ugonjwa wa Dada Ulipokaa

Dada yangu ana seli mundu. Utotoni, sisi wengine tukioga ziwani, yeye alibaki mchangani akilinda nguo zetu, maana maji ya baridi yalimletea maumivu ya mifupa, na yakishaanza ilikuwa ni kulazwa. Nilikua nikiamini kwamba ndani ya damu yake kuna kitu kimeharibika vibaya. Sikuwahi kukiona, lakini kichwani nilikuwa na picha yake: kitu kilichopinda na kuvunjikavunjika.

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili, nilirudi nyumbani Gungu likizo na kazi ya chuo kwenye kompyuta. Tulitakiwa kuchukua maumbo kadhaa ya protini moja, kuyafungua kwenye programu, kisha kuyalaza moja juu ya jingine tuone yanatofautiana wapi. Nikachagua hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Nilipakua mbili za watu wasioumwa, nikazipa rangi ya kijani na bluu, na mbili za wenye seli mundu, nyekundu na njano. Zilitokea kwenye skrini kama tepe zilizoviringwa, kila moja upande wake. Nikaiamuru programu izilaze pamoja.

Zikawa kitu kimoja.

Nilidhani nimefungua faili lilelile mara nne. Nikafuta, nikapakua upya, nikarudia. Vilevile. Nikalizungusha umbo huku na huku nikitafuta uharibifu, sikuuona. Mwishowe nikaitaka programu inionyeshe tu pale ambapo viungo vyenyewe, yaani asidi amino zinazoijenga protini, havilingani. Protini ile ina minyororo minne ya viungo hivyo. Kwenye miwili, karibu kabisa na mwanzo, kiungo kimoja kilikuwa tofauti. Basi.

Dada ni fundi cherehani sokoni Mwanga, lakini siku hiyo hakwenda kazini, miguu ilikuwa inamuuma. Alikuwa amejilaza mkekani nyuma yangu.

"Mbona umenyamaza hivyo?"

Sikutaka kumweleza, ila nilishindwa kumdanganya. Akavuta kigoda, akakaa karibu.

"Ya mtu kama mimi ni ipi?"

"Nyekundu na njano."

"Mbona zimechanganyikana na nyingine?"

"Kwa sababu zinafanana na za mtu asiyeumwa."

"Na ugonjwa uko wapi?"

Nikaikuza picha, nikamwonyesha kwa kidole. Nikamweleza kwamba kiungo kile kinanata, protini moja inashikana na nyingine mpaka zinakuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo zinazoipinda seli.

"Hapo tu?"

"Hapo tu, dada."

Hakulia wala hakukasirika. Alibaki anapatazama, mdomo wazi kidogo.

Mama akaingia na beseni la samaki wa migebuka, akauliza kuna nini. Dada akamwonyesha. Mama alitazama skrini, kisha akanigeukia mimi.

"Hicho kimetoka kwangu?"

"Kwako na kwa baba, mama. Kingetoka kwa mmoja wenu tu, asingeumwa hivi."

Mama aliolewa kutoka kijiji cha Ilagala. Tangu dada alipoanza kuugua, shangazi zetu walikuwa wakisema damu ya kwao mama ndiyo mbaya, naye hakuwahi kubisha. Aliketi kwenye kizingiti, beseni likiwa bado mikononi.

"Imana," alisema kwa Kiha, akimwita Mungu taratibu. Halafu akaniuliza, "Baba yenu anajua?"

Baba hakujua. Mama alimwambia mwenyewe jioni ile, mbele yetu, kwa sauti yake ya kawaida. Baba aliniuliza mara mbili kama hiyo programu haiwezi kukosea. Nikamjibu kwamba si programu iliyogundua, madaktari wanalijua jambo hili siku nyingi; sisi ndio hatukuwahi kuwauliza. Ugali wake ulipoa mbele yake.

Asubuhi nilikuwa namkanda dada miguu kwa maji ya moto.

"Mimi miaka yote nilijua nimeoza ndani," aliniambia. "Nimeoza kabisa."

Nilichovya kitambaa, nikakikamua, nikaendelea kumkanda.